UZI: Mgusano na mipira ya vichwa kwa watoto wetu Tanga. Turuhusu nini, tuzuie nini, na mtoto akigongwa tufanyeje?

#1 KochaMwambani

Assalam aleykum wadau, na kwa wengine wote habari za jioni.

Ligi za likizo zinakaribia, na kwenye vikao vya kupanga kanuni za chini ya miaka 12 na chini ya miaka 15 ubishi ni ule ule. Wazazi wanataka kugusana kupigwe marufuku kwa wadogo. Makocha wanajibu kwamba mtoto aliyelelewa hivyo akifika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, atapigwa bega moja tu aende chini. Nimeleta uzi tulipime suala hili kwa hoja.

Msimamo wangu nautaja mapema ili mnipinge vizuri. Mgusano wa mwili kwenye soka la watoto usifutwe, upimwe kwa umri, uzito na ufundi. Vya kufuta ni viwili: mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa kwa walio chini ya miaka 12, na ile tabia ya kummwagia mtoto maji kichwani, kumuuliza "uko poa?" kisha kumrudisha ndani.

Kwa nini vichwa? Mtoto wa miaka 8 au 9 ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na shingo bado nyembamba. Kiwiko au mpira ukimfikia, shingo haina nguvu ya kuzuia kichwa kisizunguke ghafla, na huo mzunguko wa ghafla ndio unaoumiza ubongo. Lakini hoja yenye uzito zaidi ni hii: kwenye soka, mitikisiko mingi ya ubongo haitokani na mpira wenyewe. Inatokea watoto wawili wanapogombea mpira mmoja wa juu, kichwa kikakutana na kichwa, au kiwiko, au ardhi. Ukiuondoa mpira wa juu kwa wadogo, umeondoa sehemu kubwa ya ajali hizo bila kugusa mapambano ya chini.

Wenzetu wameshafika huko. Marekani walianza kupiga marufuku vichwa kwa miaka 10 kushuka chini mwishoni mwa 2015, na wa miaka 11 hadi 13 wakawekewa kikomo mazoezini. Chama cha soka cha England mwaka 2020 kiliondoa vichwa kwenye mazoezi ya watoto wa shule za msingi. Chini ya miaka 12 waliruhusiwa kipindi kimoja kwa mwezi, vichwa visivyozidi vitano. Chini ya miaka 13, kipindi kimoja kwa wiki, vitano pia. Kuanzia chini ya miaka 14 hadi 16, kipindi kimoja kwa wiki na visizidi kumi.

Kwa Tanga napendekeza kwa chini ya miaka 12: mtoto akipiga kichwa kwa makusudi kwenye mechi, faulo isiyo ya moja kwa moja. Kipa asipige mpira wa juu kutoka mikononi, aurushe au autambaze kwa beki. Wapinzani warudi nyuma mpira wa goli unapoanzwa, ili kipa apate pa kuutoa. Kona zianzwe fupi. Uwanja ukiwa wa mita 50 kwa 35 na wachezaji saba kila upande, mpira utakaa chini wenyewe.

Karibuni.

#2 TabibuPwani

Umeanza vizuri mkuu. Nachangia upande wa tiba, maana hapo ndipo watu wengi wanateleza.

Mtikisiko wa ubongo ni tofauti na damu kuvia kichwani. Ubongo unasukwasukwa ndani ya fuvu, nyuzi za seli zake zinavutika, chumvi zinahama ndani na nje ya seli, na seli zinahitaji nguvu nyingi kurudisha mpangilio wakati ule ule damu ya kuleta nguvu hizo imepungua. Hitilafu hiyo ni ya utendaji, haionekani kwenye picha. CT, yaani picha ya kichwa ya mashine, hupigwa kutafuta damu au ufa wa fuvu. Ikitoka safi, tumejua hakuna damu wala ufa, basi. Haimaanishi kesho acheze.

Pili, wengi hawazimii. Takribani tisa kati ya kumi wanabaki na fahamu. Na si lazima kichwa chenyewe kiguswe: kishindo cha kifuani au begani kikitikisa kichwa kwa nguvu kinatosha.

Vya kuangalia palepale: amelala chini bila kujitikisa, anachelewa kuinuka, anayumba kama mlevi, anashika kichwa, macho yanatazama tu kama hayupo, anajibu polepole, anarudia swali lile lile, amesahau magoli. Vya kumuuliza: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unamkera, anaona ukungu, anajisikia mzito. Kimoja tu kinatosha kumtoa, na siku hiyo harudi, hata dalili zikiisha ndani ya dakika kumi. Nyingine huja baada ya saa kadhaa.

Sasa dalili za kukimbiza hospitali bila mjadala: maumivu ya shingo, kuona vitu viwili viwili, mkono au mguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kichwa kuuma kwa kuzidi, kutapika, degedege, kupoteza fahamu, kuzidi kusinzia, kuwa mkali au kuhangaika isivyo kawaida, fuvu kubonyea. Shingo ikiuma asiinuliwe wala kuchuliwa. Mtu mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike pande zote mbili kikae kwenye mstari wa mwili, mpaka lipatikane gari la kumlaza. Bodaboda hapana, hata kama hospitali ni hapo karibu. Akitaka kutapika, mgeuzeni ubavu mwili mzima kwa pamoja kama gogo, kichwa kikifuata.

Mambo matatu ya kwetu nisisitize:

Malaria. Mtoto amegongwa Jumamosi, Jumatatu kichwa kinauma na anatapika, anapelekwa zahanati na kupimwa malaria. Kipimo kifanyike, sawa, lakini mzazi asiache kusema kwamba aligongwa. Hata kikitoka chanya, kile kishindo bado kipo kwenye hesabu.

Ramadhani. Mechi za alasiri, mtoto amefunga, kichwa kinauma, watu wanasema ni saumu. Kama kulikuwa na mgongano, mhesabuni kuwa ameumia. Huyo ni mgonjwa na ana ruhusa ya kufungua.

Dawa. Panadol kwa kipimo cha uzito wake, sawa. Diclofenac, ibuprofen na aspirini msimpe katika siku mbili za mwanzo, kwa hofu ya kuongeza damu kama kuna mshipa unavuja ndani.

Na usingizi: muacheni alale. Awepo mtu wa kumtazama, asiachwe peke yake saa za mwanzo, na usiku ule alale chumba kimoja na mkubwa.

#3 BekiTatu

Nawasoma wote, heshima kwenu. Ila kuna kitu mnakiruka. Mtoto asiyefundishwa kugongana akiwa mdogo hajui kujikinga. Akifika miaka 14 anakutana na wenye misuli, hajui kuweka bega wala kuanguka. Hapo si ndipo ataumia vibaya zaidi? Hatari mnaiahirisha tu.

#4 KochaMwambani

Kaka, hoja yako ndiyo ile ile waliyobishania Kanada kwenye magongo ya barafuni, na kwa bahati wao walipima. Mkoa wa Alberta uliruhusu kupigana vikumbo kwa watoto wa miaka 11 na 12, Quebec ikakataza. Utafiti uliochapishwa 2010 ulionyesha Alberta hatari ya mtikisiko wa ubongo ilikuwa zaidi ya mara tatu ya Quebec. Mwaka uliofuata wakawafuatilia wa miaka 13 na 14, umri ambao wakati huo mikoa yote miwili iliruhusu vikumbo. Waliozoea tangu wadogo na waliokuwa wageni hawakutofautiana kwenye mitikisiko wala jumla ya majeraha. Tofauti moja ilikuwepo na naikubali: majeraha ya kukaa nje zaidi ya wiki yalikuwa machache kwa waliozoea. Walipopima faida na hasara, mwaka 2013 Kanada nzima ikaondoa vikumbo kwa umri huo wa 11 na 12.

Kwa hiyo uko sahihi kwamba ufundi wa kugusana unafundishwa. Tunachotofautiana ni mahali pa kuufundishia. Uwe mazoezini, kwa kasi ndogo, kabla haujaruhusiwa kamili kwenye mechi.

Mimi ningeanza miaka 10 hivi. Watoto wawili wa uzito unaokaribiana, bega kwa bega, wakitembea, mpira mbele yao mita mbili. Magoti yamekunjwa, kiuno kimeshuka, mguu wa karibu na mwenzake umekanyaga. Bega linaingia kwenye bega; likiingia mgongoni au kifuani, kocha anasimamisha na wanarudia. Kiwiko kinabaki chini ya usawa wa bega, kiganja kimefunguliwa, kwa sababu mtoto akifunga ngumi mkono unapanda wenyewe. Wakishaweza, wakimbie taratibu, halafu kasi kamili kwenye mraba wa mita tano kwa tano. Dakika kumi, mara mbili kwa wiki. Kuanguka nako kufundishwe mchangani: kidevu kifuani, bega litangulie, biringika. Mtoto anayeanguka na kidevu juu anagonga kisogo, na viwanja vyetu wakati wa kaskazi ni vigumu kama saruji.

Kichwa kianze miaka 12 au 13, kwa puto au mpira wa plastiki mwepesi unaorushwa kwa mkono kutoka mita tatu. Macho wazi, mdomo umefungwa, mpira uguse kipaji, shingo na kiwiliwili viende pamoja. Anayefumba macho anapigwa utosini, na huko ndiko kichwa kinazunguka. Shingo zenyewe ziimarishwe: asukume kichwa dhidi ya kiganja chake mbele, nyuma, kulia na kushoto, sekunde tano tano, wakati wa kupasha. Kwenye raga za mashule England, timu zilizofanya programu ya kupasha yenye mazoezi ya shingo na mizani angalau mara tatu kwa wiki zilipunguza mitikisiko kwa zaidi ya nusu.

#5 KipyengaNgamiani

Naongelea upande wa mwamuzi.

Kwenye mechi za vijana kiwiko kinachokwenda kichwani ndicho cha kwanza kukipiga vita. Mikono inayopanda wakati wa kuruka ipigiwe filimbi mapema, dakika za mwanzo kabisa, kabla haijamfikia mtu. Mwamuzi akiacha miwili ya mwanzo, kipindi cha pili anavuna. Kona zile za kusukumana simamisha kabla mpira haujapigwa, ongea nao, ndipo uruhusu. Kipa anayetoka na goti mbele kwa chini ya miaka 15 aambiwe mara moja tu, ya pili adhabu.

Kichwa kikigongwa, kipyenga palepale, msisubiri mpira utoke. Swali la "uko poa?" halina maana, kila mtoto atasema yuko poa. Muulize: tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha ngapi? Nani kafunga goli la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Akikosa moja, nje. Akijibu yote lakini sura haiko sawa, nje vile vile.

Wanaosema mtu mzima angejua mwenyewe wakumbuke fainali ya Kombe la Dunia 2014. Christoph Kramer wa Ujerumani aligongwa na bega usoni kama dakika ya 17, akaendelea kucheza, na baadaye akamuuliza mwamuzi Nicola Rizzoli kama ile ndiyo fainali yenyewe. Alitoka dakika ya 31. Hiyo ni fainali yenye madaktari wa kila aina. Hapa Tangamano tuna kocha na ndoo ya maji.

Kanuni za soka sasa zinaruhusu mashindano kuweka badiliko la ziada kwa mtikisiko wa ubongo. Kwenye ligi za watoto liandikwe bila kukosa, na badiliko hilo lisihesabiwe. Kocha asiyepoteza nafasi ya badiliko hamng'ang'anii mtoto.

Mambo mawili ya uwanja: magoli ya chuma ya kuhamishika yafungwe chini kwa vigingi, au mifuko ya mchanga iwekwe kwenye bomba la nyuma, na mtoto asiruhusiwe kuning'inia. Na uzito. Vyeti vya kuzaliwa tunavikagua, lakini wa miaka 14 aliyebalehe na ambaye bado wanaweza kupishana kilo 20. Wekeni mizani mlangoni. Wakipishana sana wapangwe nafasi ambazo hawakutani kila dakika, au kundi lihamishwe.

#6 MamaShuweya

Ahsanteni sana. Naomba kuuliza: kofia zile laini za kichwani zinazouzwa kwa wachezaji zinasaidia? Na binti yangu anacheza netiboli, huko nako kuna hatari?

#7 TabibuPwani

Dada, kofia laini inapunguza michubuko na kuchanika ngozi. Ubongo unaelea ndani, kichwa kikisimama ghafla wenyewe unaendelea kwenda, na kofia ya nje haiuzuii. Ubaya wake mwingine ni kwamba mtoto anayeamini amekingwa anaingia kwa nguvu zaidi. Kinga ya meno inunuliwe, faida yake kwa meno haina ubishi.

Netiboli ipo hatarini pia, hasa viwanja vya saruji: wanaruka, wanagongana, wanaanguka na kisogo. Na kwenye michezo inayochezwa na jinsia zote kwa kanuni zile zile, kama soka, wasichana hupata mitikisiko zaidi ya wavulana. Asichukuliwe anadeka.

#8 KochaMwambani

Pesa ya kofia inunue mipira sahihi. Chini ya miaka 8 namba 3. Miaka 8 hadi 12 namba 4, wenye gramu 350 hadi 390. Namba 5 una gramu 410 hadi 450 na unaanza miaka 13. Kuwapa wadogo namba 5 kwa sababu ndio uliopo ni kosa linaloonekana kila uwanja. Upepo wa namba 5 kisheria ni kati ya atmosfia 0.6 na 1.1, kwa vijana kaeni chini, 0.6 hadi 0.7, na pimeni kwa geji. Mpira uliojazwa asubuhi ukaachwa juani, saa kumi jioni umeshakuwa mgumu. Masika, ule uliochanika ngozi unakunywa maji na kuzidi uzito. Huo utupwe.

#9 MwalimuWaMichezo_Chumbageni

Kurudi ndiko kunakoharibika mara nyingi, niliweke kwa mpangilio.

Saa 24 hadi 48 za mwanzo: apumzike kiasi. Kumfungia chumba cha giza wiki nzima ni ushauri wa zamani. Atembee, ale, aongee na watu. Simu na televisheni zipungue sana siku hizo mbili.

Kisha masomo kabla ya mpira. Aanze nusu siku, aketi mbele, asipewe mtihani wiki ile. Na wazazi, madrasa ni masomo. Kuhifadhi juzuu ni kazi nzito ya ubongo, hivyo ustadhi aambiwe ampe muda. Maumivu yakiongezeka kidogo tu na yakatulia ndani ya saa moja, anaendelea. Yakizidi hapo, asimame, aanze tena kesho.

Mpira una hatua sita, kila moja isipungue saa 24. Ya kwanza ni shughuli za kawaida za nyumbani. Ya pili, kutembea haraka halafu kukimbia taratibu dakika 15 hadi 20. Ya tatu, kukimbia na mpira peke yake, kugeuka, kupiga pasi ukutani, bila kichwa na bila mtu. Kabla ya ya nne aonwe na daktari, na dalili zote ziwe zimeisha hata akichoka. Ya nne ni mazoezi na wenzake bila kugusana. Ya tano, mazoezi kamili. Ya sita, mechi. Dalili zikirudi kuanzia ya nne, anashuka hadi ya tatu.

Watoto huchukua hadi wiki nne kupona, zaidi ya watu wazima. Uingereza mwongozo wa 2023 kwa michezo ya mtaani unasema hakuna mechi kabla ya siku ya 21. Hapa ambapo daktari wa michezo ni adimu, tuchukue hizo siku 21 kama sheria.

Sababu ya ukali huu: kishindo cha pili kabla cha kwanza hakijapona kinaweza kuvimbisha ubongo kwa dakika chache. Ni nadra, lakini kinaua, na wanaokufa ni vijana. Rowan Stringer, nahodha wa raga wa miaka 17 huko Ottawa, Kanada, alifariki 2013 baada ya kugongwa zaidi ya mara moja ndani ya siku chache. Mkoa wao wa Ontario ukatunga sheria kwa jina lake mwaka 2018.

#10 UlingoMakorora

Na ndondi? Tanga ni mji wa ngumi, vijana wa miaka 12 wamejaa gym.

#11 TabibuPwani

Hapo nitakuwa mkali mkuu. Kwenye soka kichwa kinagongwa kwa ajali. Kwenye ndondi ndicho shabaha. Madaktari wa watoto wa Marekani na Kanada walitoa tamko la pamoja 2011 kupinga ndondi kwa watoto. Kofia haiokoi: ndondi za ridhaa ziliiondoa kwa wanaume wakubwa mwaka 2013, na Olimpiki ya Rio wakapigana bila hiyo. Gym inayopokea watoto ifundishe miguu, kamba, begi na ngumi za hewani. Wakikutana wawili, iwe kwa mguso wa mabega na kiwiliwili tu. Kijana akiangushwa mazoezini kwa pigo la kichwa, zile hatua sita na siku 21 zinamhusu, bila kujali pambano liko lini.

#12 MamaShuweya

La mwisho. Mtoto mmoja anachezea shule, mtaa na timu ya madrasa. Kocha mmoja akimtoa, kesho yake anaitwa na mwingine asiyejua kitu. Hili mnalifanyaje?

#13 KochaMwambani

Swali zito hilo dada, na kanuni zetu hazina jibu lake bado. Napendekeza hivi. Kocha aliyemtoa ampigie mzazi kabla mtoto hajaondoka uwanjani, na wakati huo huo amuulize mtoto anachezea timu zipi. Aandike karatasi mbili zenye jina, tarehe, saa aliyogongwa, aligongwaje, dalili alizoonyesha, na tarehe ya siku ya 21. Moja iende na mzazi hospitali, moja kwa kamishna wa mechi. Kamishna aitume kwenye kundi la WhatsApp la makocha wa kata, jina na tarehe ya kurudi tu, mambo ya matibabu yabaki kwa familia. Orodha ya wachezaji kabla ya kila mechi ilinganishwe na majina hayo, na timu itakayomchezesha kabla ya tarehe ipokonywe pointi tatu. Nitaiingiza kwenye rasimu ya kanuni. Mwenye marekebisho aandike hapa chini kabla ya kikao cha Jumapili.